Umeme au Mafuta? Historia ya Asubuhi za Baridi Usangi

Anayetaka kuisoma historia ya Upare ana pa kuanzia. Isaria Kimambo alitoa historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, akafuatisha kijitabu cha mgomo wa mbiru mwaka 1971, kisha mwaka 1991 akarudi na kitabu kinachoeleza jinsi uchumi wa dunia ulivyopenya mpaka milimani. Humo utawakuta Washana, ukoo wa wafua chuma wa Ugweno, na Wasuya waliowapokonya utawala. Utawakuta pia maelfu ya walipa kodi walioteremka kwenda Same mwaka 1945 kuikataa kodi mpya ya mbiru. Ni kazi kubwa, na mimi ni mmoja wa wanaoirudia.

Lakini kuna jambo moja ambalo halimo, wala si kosa la Kimambo kutolitia. Nalo ni hili: gari liliwashwaje asubuhi?

Usicheke kwanza. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kijiji cha mlimani kilikuwa na gari moja, mawili, matatu. La mfanyabiashara, la misheni, la serikali au la chama cha ushirika. Likigoma kuwaka saa 11 alfajiri, aliyekuwa anatokwa damu baada ya kujifungua hateremki. Kahawa haiteremki. Mwanafunzi anayewahi basi la barabara kuu anabaki na sanduku lake la bati. Kwa hiyo fundi aliyeitwa gizani, amevaa koti la mvua na tochi ameibana kwapani, alikuwa na kazi iliyohusu maisha ya watu. Na namna alivyofikiri mbele ya ile injini baridi ni elimu kamili iliyopita mdomoni na mikononi bila kuandikwa na mtu.

Usangi iko Upare ya kaskazini, wilaya ya Mwanga ya leo. Milima imeizunguka, msitu wa Kindoroko uko juu yake, na ukungu hukaa mpaka jua lichomoze vizuri. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ila ilipita chini, tambarare, kwenye joto na mkonge. Wa mlimani alishuka kwa miguu. Barabara za kupanda zilikatwa polepole, nyingi kwa nguvu za wananchi wenyewe, ule utaratibu wa kazi ya pamoja ambao Wapare huuita msaragambo. Baada ya barabara ndipo yakaja magari: malori ya Bedford, Land Rover zenye injini ya petroli ya silinda nne, baadaye Peugeot 404 na 504. Yote yalikuwa na kitu kimoja ambacho dereva wa leo anaweza kumaliza maisha yake hajakigusa, yaani kabureta.

Hapa inabidi tuingie chini ya boneti, maana bila hivyo mengine hayataeleweka.

Petroli ya majimaji haiungui ndani ya silinda. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kwa uzito, injini iliyopata moto inataka hewa sehemu 14 na ushei kwa petroli sehemu moja. Kabureta ndiyo inayopika mchanganyiko huo, na haina akili yoyote ndani yake. Pistoni inashuka, inavuta hewa, hewa inapita kwenye koo jembamba kwa kasi, kasi hiyo inapunguza mgandamizo, petroli inafyonzwa kutoka kwenye kikombe kupitia kitundu kidogo kiitwacho jeti, inatawanyika kama manyunyu. Wilhelm Maybach, Mjerumani, alitengeneza kabureta ya manyunyu ya namna hiyo mwaka 1893, na kanuni yake haikubadilika sana kwa miaka 100.

Kasheshe ni baridi. Chuma kikiwa baridi, manyunyu hayageuki mvuke. Mengi yanaganda kwenye kuta za bomba kama umande kwenye jani la mgomba, na silinda inapata hewa tupu yenye harufu ya petroli. Dawa yake ni kuzidisha petroli kwa makusudi ili hata kama nyingi itapotea, ile kidogo inayogeuka mvuke itoshe kushika moto. Kazi hiyo hufanywa na choki. Unavuta kitufe kwenye dashibodi, waya unaziba koo la kabureta kwa kisahani, hewa inapungua, petroli inavutwa kwa wingi. Gari likishawaka, unakirudisha kitufe kidogo kidogo kadiri injini inavyopata joto. Ukikisahau, moshi mweusi unatoka nyuma, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na unaisaga injini yako mwenyewe huku ukiona fahari kwamba imewaka.

Sasa, Usangi si Ulaya. Hakuna theluji pale. Baridi ya Juni na Julai inauma mwilini, lakini kwa injini ni baridi ya kawaida kabisa, ambayo Land Rover iliyotengenezwa Uingereza inapaswa kuicheka. Kwa nini basi magari yakawa yanagoma? Maoni yangu, na nitayatetea, ni kwamba baridi ilikuwa inasingiziwa. Gari zima huwaka kwenye baridi ya Usangi. Gari gonjwa huwaka mchana wa Mwanga, kwenye joto, likaonekana zima. Baridi ilikuwa inafichua tu. Betri iliyochoka, pointi zilizoungua, waya wa choki uliolegea, vyote husamehewa na jua. Alfajiri mlimani hakuna msamaha.

Na mlima ulikuwa na hila yake nyingine. Gari lililorekebishwa kabureta Tanga au Dar es Salaam lilirekebishwa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari. Ukilipandisha zaidi ya mita 1,000, hewa inakuwa nyepesi kwa kama sehemu moja ya kumi, lakini jeti ni ileile. Matokeo yake petroli inazidi. Plagi zinavaa masizi meusi, na plagi yenye masizi inavujisha umeme badala ya kurusha cheche. Ndiyo hali ya kuchekesha ya Usangi: asubuhi injini inahitaji petroli ya ziada ili iwake, na jana yake ilikuwa imekunywa petroli ya ziada mpaka plagi zikachafuka. Dereva mgeni anavuta choki mpaka mwisho, anakanyaga mafuta mara sita, anapiga stata, kimya. Anavuta tena. Baada ya dakika tano petroli inanuka kijiji kizima na plagi zimelowa. Hapo tena choki haina msaada. Dawa ni kinyume: rudisha choki yote, kanyaga mafuta mpaka chini usiachie, piga stata ili hewa ipite kwa wingi ikaushe. Mgeni hawezi kukuamini ukimwambia hivyo.

Fundi hakuanza na spana. Alianza na maswali, na kwa msomaji wa fasihi hii ndiyo sehemu tamu. Lililala wapi, ndani au nje? Mvua ilinyesha? Jana ulilizima mwenyewe au lilijizimia? Mafuta ulijaza wapi, na tenki lilikuwa na kiasi gani? Limelala siku ngapi? Ni maswali ya mganga, au ya mwandishi wa wasifu. Kila jibu linafunga mlango mmoja. Tenki nusu tupu kwenye usiku wa ukungu hukusanya maji, na maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutua chini ya kikombe cha kabureta, palepale jeti inaponyonyea. Siku nyingi bila kuwashwa maana yake petroli ya kwenye kikombe imekauka, na pampu itabidi iivute upya kutoka tenki. Kwenye Land Rover za petroli pampu ilikuwa na kiwiko kidogo cha kusukuma kwa kidole. Fundi mzoefu alikisukuma mara kumi kabla hajaigusa stata, akaokoa betri. Asiyekijua kile kiwiko aliimaliza betri yote kwa kuvuta petroli, ikabaki bila nguvu ya kurusha cheche petroli ilipofika.

Baada ya maswali, sikio. "Hebu piga stata." Mlio ukiwa mzito, wa kujikokota, hilo ni tatizo la betri, au vichwa vyake vimeota unga mweupe, au waya wa bodi umelegea, au mtu ametia oili nzito namba 40 ambayo usiku inakuwa kama asali. Mlio ukiwa mwepesi, injini inazunguka vizuri lakini haishiki, basi ndipo linakuja lile swali lenyewe, ambalo mafundi wa Afrika Mashariki yote wanalifahamu: umeme au mafuta?

Napenda jinsi swali hili lilivyo fupi. Gari lina vipande maelfu, na fundi anavigawa mara mbili kwa maneno matatu. Jibu lake alilipata kwa kufungua plagi moja tu. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: tafuta pampu, bomba, sindano ya kikombe iliyonata, jeti iliyozibwa na uchafu wa dumu, kisahani cha choki kisichofunga. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika lakini hayawashwi: nenda kwenye umeme. Ikiwa nyeusi kavu kama chungu, umezidisha kwa siku nyingi. Pua nayo ilikuwa kifaa. Harufu kali kwenye eksozi ni habari, na kutokuwepo kwa harufu ni habari pia.

Kwa umeme, plagi inawekwa juu ya chuma cha injini, msaidizi anazungusha, unaangalia cheche. Ya bluu, inayolia ta! ta!, ni nzima. Ya njano iliyofifia ni ya mashaka. Kutoka hapo unarudi nyuma hatua kwa hatua: waya za plagi, kifuniko cha distribyuta, rota, pointi, kondensa, koili. Kwenye ukungu wa Usangi, kifuniko cha distribyuta kilikuwa mshukiwa wa kwanza. Umande unaingia ndani, cheche badala ya kwenda kwenye plagi zinatambaa juu ya unyevu na kupotelea kwenye chuma. Ufa mwembamba mweusi kama unywele ulitosha. Na hapa giza lilikuwa msaada: zima tochi, piga stata, uangalie waya. Zile zilizochakaa utaziona zikimeremeta kama vimulimuli. Tiba ya muda ilikuwa kitambaa kikavu na joto la jiko la mkaa, kifuniko kikiwa kimefunguliwa kikaletwa jikoni pembeni ya chai.

Kuna fumbo moja wengi walilijua bila kujua sababu yake. Kwa nini gari linalokataa stata linakubali kusukumwa? Watu husema kusukuma kuna nguvu zaidi. Si hivyo tu. Stata inakula umeme mwingi mno, na betri dhaifu ikilemewa nayo, koili inapata masalia, cheche inakuwa hafifu wakati uleule inapohitajika. Ukisukuma, stata imepumzika, na umeme wote wa betri unakwenda kwenye koili. Ndiyo maana magari ya milimani yalilazwa mteremkoni, jiwe chini ya gurudumu, pua ikielekea bondeni. Ukimwona dereva anazunguka jioni akitafuta pa kulaza gari, alikuwa anatafuta stata ya kesho. Mahali pa tambarare kuna watu wa kusukuma, na hilo nalo ni msaragambo wa aina yake. Na kama hakuna mteremko wala watu, kulikuwa na hendeli, yule mnyama wa kuvunja mikono. Injini ikipiga kinyume, hendeli inarudi kwa nguvu ya teke la punda, kwa hiyo kijana alifundishwa asikifungie kidole gumba, kikae upande mmoja na vingine.

Elimu hii ilitoka wapi? Sehemu ilitoka jeshini. Vita vya Pili vya Dunia viliwafundisha vijana wengi wa Afrika Mashariki udereva na ufundi, na walirudi nyumbani kuanzia 1945 wakiwa na ujuzi ambao serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuutambua. Sehemu ilitoka gereji za Wahindi mijini, ambako spana boi alianza kwa kuosha vipuri na kukaa kimya. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameonyesha kwamba mafundi wa Tanzania hawakuwa waigaji wa teknolojia ya watu wengine. Walikuwa wazalishaji wa maarifa, ndani ya zile zile gereji bubu tunazozipita kila siku. Nakubaliana naye, na ningependa mtu afanye kazi kama hiyo kwa milimani peke yake, kabla wazee hawajaisha.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuwa kuanzia 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na kwa Upare ya kaskazini Kenya ilikuwa palepale ng'ambo ya tambarare, upande wa Taveta. Spea za Mombasa na Nairobi zikawa mbali kuliko za Japani. Vita vya Kagera vikaja, bei ya mafuta ikapanda mwaka 1979, fedha za kigeni zikaisha. Magari binafsi yalikuwa yamepigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Gari likilala kuanzia hapo mpaka Jumatatu alfajiri, betri imechoka, ukungu umeingia. Jumatatu ilikuwa siku ya kusukuma.

Fundi wa miaka ile alijifunza kutibu bila dawa. Pointi zilizoungua zilisuguliwa kwa msasa mpaka zikabaki nyembamba kama kucha. Nafasi kati yake, ambayo kwenye Land Rover inatakiwa iwe kama milimita 0.4, ilipimwa kwa karatasi ngumu ya boksi la kiberiti. Gasketi zilikatwa kutoka kwenye makaratasi ya maboksi. Plagi zilichomwa kwenye moto wa mkaa ili masizi yaondoke. Silinda iliyokosa mgandamizo ilitiwa kijiko cha oili ili ringi zibane kwa dakika chache, gari liwake, mengine yaonekane mbele ya safari. Kulikuwa na njia za hatari pia: petroli kumiminwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta, injini ikakohoa moto, nyusi zikaenda. Na mwaka 1983, katika ile vita dhidi ya wahujumu uchumi, hata sanduku la spea chini ya kitanda lilihitaji maelezo.

Mlango ulifunguliwa na mtoto wa Usangi mwenyewe. Cleopa Msuya, aliyezaliwa huko mwaka 1931 na kuzikwa huko mwaka 2025, alikuwa Waziri wa Fedha wakati bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni bila kuulizwa alizipata wapi. Wachumi wanaizungumzia bajeti ile kama mwanzo wa soko huria. Mimi naiona kwa jicho la chini ya boneti: pikapu zikaanza kuingia, na pamoja nazo pointi mpya, kondensa mpya, vifuniko vya distribyuta visivyo na ufa. Uamuzi wa mezani Dar es Salaam ulishuka ukawa cheche ya bluu alfajiri. Sijui kama Msuya aliwahi kuuona hivyo.

Halafu, spea zilipopatikana, mafuta yenyewe yakaanza kuleta utata. Mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko petroli, na wajanja wakayachanganya. Mafuta ya taa hugeuka mvuke kwa shida, kwa hiyo injini yenye joto huyavumilia kwa kelele kidogo, injini baridi huyakataa kabisa. Swali la "mafuta ulijaza wapi" likapata uzito mpya. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuiua faida ya mchezo huo. Wanavijiji waliosomea kwa koroboi ndio waliolipa gharama, lakini hiyo ni makala nyingine.

Leo Noah na Prado zinazopanda Usangi hazina choki. Kompyuta inapima joto la maji na la hewa, inapima hata wembamba wa hewa ya mlimani, inaamua petroli kiasi gani, yote kabla dereva hajamaliza kufunga mkanda. Likigoma, fundi anachomeka mashine, anasoma namba. Naona ni maendeleo, wala simlilii mtu aliyevunjwa mkono na hendeli. Ila lugha inaondoka. Kuvuta choki, kulowesha plagi, kusugua pointi, cheche kutambaa: ni Kiswahili kilichotengenezwa na watu wenye mikono ya grisi, na kamusi zetu hazijakihifadhi. Riwaya zetu zina mabasi na safari tele, lakini injini zake huwaka zenyewe.

Isipokuwa kwenye bodaboda. Pikipiki nyingi zinazobeba watu kutoka Usangi kuelekea Kikweni bado zina kabureta, na kando ya usukani au pembeni ya injini kuna kijiti kidogo cha choki. Kijana mwenye kofia ya sufu anakivuta saa 11 na nusu, anapiga kiki mara mbili, inakohoa, anakirudisha nusu. Ikigoma anafungua plagi, anaitazama kwa mwanga wa simu. Ikiwa imelowa anaifuta kwenye suruali, na mwenzake aliyekaa juu ya tenki la pikipiki ya pili anamuuliza bila kugeuka, "Umeme au mafuta?"